Kuwapeleka wanafunzi wa lisansi kwenye kompyuta kuu ukiwa Lubumbashi: mwongozo kwa maasista na CT (chefs de travaux)

Kila muhula unapoanza maswali kuhusu kompyuta kuu (supercomputer) ni yaleyale. Mashine tutanunua kwa pesa gani? Mega za intaneti zitatosha? Wanafunzi wa L2 na L3 (mwaka wa pili na wa tatu wa lisansi) wanaruhusiwa kweli, au mambo haya ni ya watu wa udaktari (doctorat)? Kuyajibu moja moja mlangoni mwa oditori kunachosha, kwa hiyo nimeyaweka hapa kwa utaratibu.

Majibu mafupi kwanza. Mashine hununui. Mega zinatosha, tena zinabaki. Wanafunzi wa lisansi wanaruhusiwa, lakini lazima mtu mmoja mwenye cheo chuoni awasimamie kwa jina na saini.

Hilo la mega linahitaji neno zaidi, kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa bure. Ukifanya kazi kwenye kompyuta kuu iliyo Cape Town au Ubelgiji, hesabu inafanyika kulekule na data zinakaa kulekule. Kinachopita kwenye modemu yako ni herufi unazoandika na maandishi yanayorudi. Saa nzima ya kuandika amri haili mega nyingi kama dakika chache za video. Na ukishatuma kazi kwenye foleni, umeme ukikatika mtaani kwako, huko haisimami. Kwa mji wenye delestaji kama wetu, kompyuta ya mbali ina nafuu kuliko ile iliyo chini ya meza yako.

Mwongozo huu ni kwa asista au CT wa Sayansi au Polytechnique mwenye TP (mazoezi ya vitendo) mkononi. Mwanafunzi ambaye tayari ana akaunti aanzie hatua ya 4.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Somo moja lililo tayari kwenye programu ya fakilte na lenye saa za TP. Usianze na "mradi wa kompyuta kuu". Mradi unasubiri bajeti. Somo lina ratiba na wanafunzi tayari.
- Mwenzako mmoja katika chuo chenye kompyuta kuu (klasta). Awe mtu anayejibu ujumbe. Anwani ya ofisi peke yake haitoshi. Mara nyingi ni profesa aliyewahi kusimamia tezi (thèse) ya mtu wa kwenu, au mtu wa kwenu aliyebaki huko.
- Barua pepe za chuo kwa kila atakayeomba akaunti. Vituo vingi havikubali anwani za bure. Kama wanafunzi wako hawana, zungumza na huduma ya informatiki ya chuo sasa hivi. Hili linaweza kuchukua muda kuliko hatua zote nyingine.
- Kompyuta yoyote yenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Linux na Mac zinayo. Windows 10 za kuanzia 2018 zina ndani programu ya `ssh` (ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), bila kusakinisha kitu. Mwenye simu ya Android tu asikae nje: aweke programu ya Termux, aandike `pkg install openssh`, na ataingia kama wengine.
- Pawabanki au betri ya kuendesha modemu. Laptopu ina betri yake. Modemu ndiyo inayozimika kwanza.

Nadharia ya dakika tano

Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi. Kila moja ni nodi, na kila nodi ina viini vingi vya kufanyia hesabu. Wazo lenyewe si la matajiri: klasta ya kwanza ya jina Beowulf iliundwa NASA mwaka 1994 kwa kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486.

Unapoingia unajikuta kwenye nodi ya kuingilia. Hiyo ni baraza: watu husalimiana hapo, hawapikii hapo. Hesabu inaandikwa katika skripti (faili la amri), skripti inawekwa kwenye foleni, na programu ya foleni (kwa kawaida Slurm au PBS) inaipa nodi nafasi inapopatikana.

Jambo jingine moja tu la kuwaambia wanafunzi: viini vingi havimaanishi kasi isiyo na mwisho. Kama asilimia 10 ya programu haiwezi kugawanywa, viini 16 vitakupa kasi ya mara 6.4, wala si 16, na hata ukiwa na viini milioni hutavuka mara 10. Hesabu hiyo ni ya Gene Amdahl, ya mwaka 1967. Ifanyeni ubaoni, kisha endeleeni na kazi.

Hatua ya 1. Chagua TP ndogo yenye jibu linalojulikana

Hapa ndipo wengi wanapotaka makubwa mno: modeli ya hali ya hewa ya Haut-Katanga yote, au jenomu za wagonjwa mia. Kwa mara ya kwanza chagua swali ambalo jibu lake liko kwenye kitabu, ili mwanafunzi ajue kama amekosea.

Mfano ninaoupenda kwa fizikia na kemia ni shaba. Tunaishi juu yake. Acha wanafunzi waipime. Fuwele ya shaba ni ya kubiki yenye atomi kwenye pembe na katikati ya kila uso, na upande wake ni angstromu 3.61. Kwa programu huria ya Quantum ESPRESSO mwanafunzi anahesabu nishati ya fuwele kwa upande wa 3.40, 3.45, 3.50 na kuendelea hadi 3.90, hesabu 11 kwa jumla, anachora mstari na kutafuta bonde. Kwa mbinu ya PBE (makadirio ya kawaida katika hesabu za elektroni) bonde linaangukia karibu na 3.63 au 3.64. Tofauti hiyo ndogo na 3.61 ndiyo mazungumzo bora ya TP: kosa liko wapi, kwenye mashine au kwenye mbinu? Kila hesabu inahitaji kiini kimoja na dakika chache.

Kwa biolojia, chukueni jenomu ya *Plasmodium falciparum*, kimelea cha malaria. Ina kromosomu 14 na besi takriban milioni 23, ndogo sana ukilinganisha na ya binadamu, na iko wazi kwa kila mtu tangu 2002. Kwa jiolojia na agronomia, picha za setilaiti za Landsat ni za bure tangu 2008. Kupima jinsi miombo ilivyopungua kuzunguka mji ni TP ya kutosha muhula mzima.

Hatua ya 2. Tafuta mlango unaolingana na TP hiyo

Usiandikie kila kituo duniani. Milango ninayoifahamu ni hii.

*Galaxy.* Kwa biolojia anza hapa, hata kama una mwenzako Ulaya. Seva ya usegalaxy.eu, inayoendeshwa kutoka Freiburg, Ujerumani, ni ya bure, inatumika kwa kivinjari, na mwalimu anaweza kuomba nafasi maalum ya kompyuta kwa siku za mafunzo yake ili darasa lisisubiri kwenye foleni ya watu wote. Haihitaji mkataba wala terminali. Wenzangu wa informatiki huidharau kwa sababu ni ya kubofya. Wakae na dharau yao. Mwanafunzi wa L2 biolojia anatoka na matokeo.

*Cape Town.* Kituo cha CHPC cha Afrika Kusini kina klasta iitwayo Lengau, iliyowashwa 2016, yenye foleni ya PBS. Utaratibu ni wa mtafiti mkuu anayefungua programu ya utafiti na kuwaalika watumiaji wake, kwa hiyo unahitaji profesa wa huko. Faida ambayo watu hawaioni: Cape Town na Lubumbashi zina saa moja. Ukikwama saa 10:00, na kwao ni saa 10:00.

*Ubelgiji.* Umoja wa CÉCI unaunganisha klasta za vyuo vitano vinavyotumia Kifaransa: UCLouvain, ULB, ULiège, UMons na UNamur. Foleni yao ni Slurm. Akaunti inapitia chuo mwanachama, kwa hiyo hapa ndipo uhusiano wa zamani kati ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na maprofesa wa huko unapofaa. Barua zote unaziandika kwa Kifaransa, na Doyen (mkuu wa fakilte) hahitaji mtafsiri.

*Marekani.* Mpango wa ACCESS, uliochukua nafasi ya XSEDE mwaka 2022, unatoa saa za kompyuta bure, na mafunzo darasani ni sababu inayokubalika. Lakini mwombaji lazima awe wa taasisi ya Marekani. Wewe utaingizwa kama mshirika wake.

Uliza pia huduma ya informatiki kama chuo chako kimeunganishwa na Eb@le, mtandao wa elimu na utafiti wa Kongo, ambao ni mwanachama wa UbuntuNet Alliance. Kama ndiyo, msaada wa kiufundi wa kikanda upo na usiuache.

Onyo kuhusu mashine za zawadi. CHPC ina mradi wa kugawa vipande vya kompyuta kuu zilizostaafu kwa vyuo vya Afrika. Ndivyo sehemu za Ranger ya Texas, iliyokuwa na viini 62,976 na kuzimwa 2013, zilivyofika barani. Ni mradi mzuri, na siku moja mtauomba. Lakini usianze nao. Nodi moja ya aina hiyo hula wati mia kadhaa mchana na usiku, chumba kinahitaji ubaridi, na kunahitajika fundi wa kuajiriwa. Rafu inayolala kwenye depo ikisubiri jenereta haijamfundisha mtu yeyote chochote. Fundisha kwanza kwa mashine ya watu. Ukishakuwa na wanafunzi wanaojua foleni ni nini, una mafundi wa kuipokea yenu.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya saa, kisha andika barua

Vituo vinahesabu matumizi kwa saa za kiini: kiini kimoja kwa saa moja. Chukua TP ya shaba kwa wanafunzi 40. Kila mmoja ana hesabu 11, kila hesabu tuseme dakika 5: 40 × 11 × 5 = dakika 2,200, yaani kama saa 37. Watakosea na kurudia, kwa hiyo zidisha kwa tano. Omba saa 200.

Sasa linganisha: nodi moja ya Lengau ina viini 24. Saa 200 ni kazi ya nodi hiyo moja kwa muda usiofika saa tisa. Kwa kituo chenye nodi zaidi ya elfu hilo ni punje. Iandike hesabu hii ndani ya barua. Inaondoa hofu ya mwenzako, na inaonyesha kuwa unajua unachoomba. Barua inayosema tu "tunaomba kupewa ufikiaji kwa ajili ya maendeleo ya sayansi" inawekwa kando, na mimi ningeiweka kando.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na iseme:

1. Jina la somo, ngazi, idadi ya wanafunzi na tarehe za TP.
2. Saa za kiini, na nafasi ya diski (kwa shaba, giga chache kwa darasa lote zinatosha).
3. Programu zinazohitajika na toleo lake.
4. Anayewajibika upande wa Lubumbashi, na wa pili wake.
5. Anayewajibika upande wao, na wa pili wake. Usiache huyu wa pili.
6. Maswali ya wanafunzi yatajibiwa na nani. Jibu sahihi ni: na wewe. Mwenzako apokee yale tu yaliyokushinda. Mstari huu mmoja unawafanya watu wakubali.
7. Akaunti zitafungwa lini.

Ipitishe kwa mkuu wa departementi na Doyen kabla haijatoka. Ukiiruka ngazi ili uwahi, itakurudia siku ya kutafuta saini ya Rekta kwenye mkataba wa ushirikiano. Kwa mwaka wa kwanza barua ya fakilte na ridhaa ya profesa wa upande wa pili mara nyingi hutosha. Mkataba kamili ufuate wakati mna matokeo ya kuonyesha.

Hatua ya 4. Kila mwanafunzi atengeneze ufunguo wake

Ufunguo ndio unaokutambulisha kituoni unapoingia. Kwenye terminali:

`ssh-keygen -t ed25519`

Itauliza nenosiri la kulinda ufunguo. Weka. Utapata faili mbili: `id_ed25519`, ambayo ni siri yako na haitoki kwenye mashine yako, na `id_ed25519.pub`, ambayo ndiyo unayotuma kituoni.

Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kutuma faili isiyo na `.pub`. Ikitokea, futa zote mbili na uanze upya, hata kama uliyemtumia ni rafiki. La pili ni darasa zima kutumia akaunti moja ya asista "ili tusicheleweshe". Usifanye, hata mara moja. Mei 2020 kompyuta kuu kadhaa za Ulaya, pamoja na ARCHER ya Uingereza na nyingine za Ujerumani, zilifungwa baada ya watu kuingia kwa kutumia akaunti zilizoibwa za watumiaji halali. Tangu hapo vituo havina subira na akaunti ya watu kumi. Watafunga yako, na pamoja nayo mlango wa fakilte.

Asiye na kompyuta yake asiweke ufunguo kwenye mashine ya cyber. Simu yake mwenyewe na Termux ni salama zaidi.

Hatua ya 5. Ingia na utazame

`ssh jina@anwani-ya-klasta`

Mara ya kwanza utaulizwa kama unaiamini seva. Linganisha alama inayoonyeshwa na ile iliyo kwenye maelezo ya kituo, kisha andika `yes`. Halafu zunguka: `pwd`, `ls`, `module avail` (orodha ya programu zilizopo). Tenga kipindi kizima cha TP kwa amri hizi peke yake, pamoja na `cd`, `cp`, `mkdir` na mhariri wa maandishi `nano`. Wengi wa wanafunzi wako wamekulia kwenye simu. Folda ndani ya folda ni kitu kipya kwao, na hilo si kosa lao.

Mkononi mwa kila mtu kuwe na karatasi yenye jozi hizi:

- Kutuma kazi: Slurm `sbatch`, PBS `qsub`
- Kutazama foleni: Slurm `squeue`, PBS `qstat`
- Kufuta kazi: Slurm `scancel`, PBS `qdel`

Kabla ya kufungua faili lolote andika `tmux`. Laini ikikatika, unaingia tena, unaandika `tmux attach`, na unakuta kila kitu kilivyokuwa.

Hatua ya 6. Tuma kazi isiyo na maana

Ndiyo, isiyo na maana. Kazi ya kwanza iseme tu inafanyikia nodi gani (skripti za hapa ni za Slurm):

```
#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=jambo
#SBATCH --ntasks=1
#SBATCH --mem=100M
#SBATCH --time=00:02:00
#SBATCH --output=jambo-%j.txt

hostname
date
```

Ihifadhi kama `jambo.sh`, kisha `sbatch jambo.sh`. Kwa sekunde chache au dakika chache utapata faili lenye jina la nodi ambayo si ile uliyoingilia. Mwanafunzi akiona jina hilo tofauti, ameelewa klasta. Nimeona oditori ikipiga makofi kwa mistari miwili ya maandishi.

Hatua ya 7. TP yenyewe

Weka faili la shaba la aina ya UPF (linaloelezea elektroni za ndani za atomi) kwenye folda moja ya darasa. Wanafunzi 40 wasipakie faili lilelile mara 40. Kwenye faili la maelezo `shaba.in`, mahali pa urefu wa upande andika neno BADILI. Skripti inafanya mengine (`pw.x` ni programu ya hesabu ya Quantum ESPRESSO):

```
#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=shaba
#SBATCH --array=0-10
#SBATCH --ntasks=1
#SBATCH --mem=2G
#SBATCH --time=00:15:00
#SBATCH --output=shaba-%a.log

module load QuantumESPRESSO
A=$(echo "3.40 + 0.05*$SLURM_ARRAY_TASK_ID" | bc)
mkdir -p a_$A
sed "s/BADILI/$A/" shaba.in > a_$A/shaba.in
cd a_$A
srun pw.x -in shaba.in > shaba.out
```

Jina la moduli linatofautiana kati ya vituo. Liangalie kwa `module avail`. Mstari wa `--array=0-10` ndio uchawi wote: skripti moja, kazi 11, kila moja na namba yake. Tazama pia kwamba kila hesabu ina folda yake. Zikiandika zote kwenye folda moja ya muda zitaharibiana, na matokeo yanaweza kutoka bila ujumbe wowote wa kosa. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwenye TP hii, kwa sababu mwanafunzi atachora mstari wa uongo kwa furaha.

Jaribu wewe kwanza, wiki moja kabla, ukitumia akaunti ya mwanafunzi badala ya yako. Akaunti yako ina ruhusa ambazo wao hawana.

Hatua ya 8. Rudisha kidogo tu

Nishati zote unazipata kwa mstari mmoja:

`grep '!' a_*/shaba.out > nishati.txt`

Faili hilo ni dogo kuliko ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Chora mstari kulekule kwenye klasta kwa Python na urudishe picha peke yake:

`rsync -avz --partial jina@anwani-ya-klasta:shaba/picha.png .`

`--partial` inahifadhi kilichokwisha kufika laini ikikatika. Kwa data kubwa, kama za jenomu, usizipitishe Lubumbashi kabisa. Zivute moja kwa moja kutoka hifadhi ya data hadi kwenye klasta kwa `wget`. Kuna watu wanashusha giga nyingi hadi kwenye laptopu ili wazipandishe tena. Wanalipa mara mbili kwa kitu ambacho hakikupaswa kupita hapa.

Hatua ya 9. Siku ya darasa

Omba kituo kitenge nodi kwa saa za TP. Vingi vinakubali kwa mafunzo. Utapewa jina la kuongeza kwenye skripti, kwa mfano `#SBATCH --reservation=jina`. Andika saa pamoja na UTC+2. Mtu wa Ulaya akitafuta "saa ya Kongo" atapata ya Kinshasa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja, na nodi zenu zitafunguliwa wakati darasa linatoka. Ubelgiji iko sawa nasi majira ya joto na nyuma kwa saa moja majira ya baridi.

Wapange watu wawili wawili kwa kila skrini, lakini kila mmoja aingie kwa akaunti yake kwa zamu. Watu 40 kwenye modemu moja kwa amri za maandishi wanawezekana. Zima tu masasisho ya Windows kabla hayajameza kila kitu. Na kuwe na TP ya akiba kwenye karatasi: faili la `shaba.out` la mwaka uliopita, lichambuliwe kwa kalamu, kama laini itakataa kabisa.

Ikikwama

*`Permission denied (publickey)`.* Ufunguo haujawekwa kituoni bado, au jina la mtumiaji si lenyewe. Jaribu `ssh -v` usome ni ufunguo gani unaopelekwa. Kwenye Linux na Termux hakikisha `chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519`.

*`Connection timed out`.* Kama kwa mwenzako mwenye laini nyingine inaingia, mtandao wako unazuia mlango wa 22. Badilisha laini, au omba huduma ya informatiki iufungue.

*`Batch script contains DOS line breaks`.* Skripti iliandikwa kwa Notepad. Andika `dos2unix jina-la-skripti`, na kuanzia sasa andika kwa `nano` ukiwa ndani ya klasta.

*`command not found`.* Umesahau `module load`, au umeiandika kwenye terminali bila kuiweka ndani ya skripti.

*Kazi iko kwenye `PD` na haisogei.* Tazama safu ya mwisho ya `squeue`. `Priority` au `Resources` maana yake ni zamu tu. Ukiona neno lenye `Limit`, umeomba kuliko unachoruhusiwa. Kosa la kawaida ni kuomba saa 48 kwa kazi ya dakika 5. Anayeomba kidogo hupenyezwa mapema kwenye nafasi ndogo zilizobaki.

*`TIMEOUT` au `OUT_OF_MEMORY`.* Hapa ni kinyume chake: umeomba kidogo mno. Ongeza mara mbili, si mara mia.

*`charge is wrong: smearing is needed`.* Shaba ni metali. Weka `occupations = 'smearing'` kwenye faili la maelezo. Mwachie mwanafunzi alipate mwenyewe. Ni fizikia yenye faida.

*Barua kutoka kituoni inasema unatumia nodi ya kuingilia vibaya.* Kuna mwanafunzi aliyeendesha `pw.x` moja kwa moja bila `sbatch`. Jibu siku hiyohiyo, omba radhi, sema umemwelekeza. Wanaosahau kujibu ndio wanaofungiwa.

*Diski imejaa.* `du -sh *` inaonyesha mkosaji. Kwa TP ya shaba ni folda za muda za pw.x, zifute zote, matokeo yako kwenye `shaba.out`.

*Mwenzako wa upande wa pili amehama chuo.* Akaunti zote zilizosimama kwa jina lake zinaweza kufungwa pamoja na yake. Mwandikie yule wa pili aliyetajwa kwenye barua, nakala kwa Doyen, ukiomba usimamizi uhamie kwake kabla ya muhula kuisha. Wakati unasubiri, shusha skripti na faili za maelezo zote Lubumbashi. Hizo ni kilobaiti tu, na zitafanya kazi kwenye klasta yoyote itakayofuata ukibadilisha mistari ya foleni.